Bibi wa Madale amekuwa mgeni kwao

Juma hili nataka tuzungumze juu ya redio na lugha ya nyumbani. Mazungumzo haya yameanzia mahali nisipopatarajia, penye rundo la kokoto huko Madale.

Wenye kuijua Madale wanajua iko upande wa Wazo, wilaya ya Kinondoni, ukishapita Tegeta unaiacha barabara kuu ya Bagamoyo na kuingia ndani. Zamani yalikuwa mashamba ya mikorosho, miembe na mihogo. Mtu wa mjini aliyesema anakwenda Madale alionekana anakwenda shamba. Leo ni viwanja vilivyopimwa na visivyopimwa, kuta za matofali, mageti ya chuma, na bodaboda zinazosubiri abiria kila kona. Wamehamia watu wa Kilimanjaro, wa Kagera, wa Mbeya, wa Mara, na watu wa mbali kuliko hao.

Jirani yangu mmoja ni bibi wa Kizaramo. Yeye hakuhamia. Alizaliwa upande huo huo wa pwani, akaolewa, akazaa, akalima, akauza kipande baada ya kipande cha shamba, na sasa amebaki na nyumba yake, mwembe mmoja na wajukuu. Mbele ya nyumba yake kunajengwa jengo la ghorofa. Msimamizi wa ujenzi ni Mchina wa makamo, mpole, anayejua Kiswahili cha saruji na nondo. Jioni, kazi ikiisha, hukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaegemeza simu kwenye tofali, akasikiliza redio ya kwao. Husikika sauti ya mwanamume akisimulia, taratibu kwanza, kisha kwa haraka, na yule bwana hucheka peke yake.

Jioni moja nilipita kumwamkia bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Tukakaa. Akaniuliza, "Yule Mchina, kile anachokisikiliza kila siku ni taarifa ya habari?" Nikamwita fundi mmoja aliyejifunza maneno mawili matatu ya Kichina. Akasema si habari, ni hadithi za kwao za kale. Bibi akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia, "Wewe si ndiye mtu wa redio? Basi niambie. Huyu ametoka kwao, kavuka bahari, na hadithi za kwao anazisikia. Mimi sijatoka. Za kwetu ziko wapi?"

Ndugu wasikilizaji, nimefanya kazi ya redio kwa miaka mingi, na sikuwa na jibu.

Basi nilirudi nyumbani nikaanza kufikiri juu ya hao Wachina wenyewe, kwa sababu wao wamelijaribu jambo hili kabla yetu. Wachina waliohama kwao ni wengi, na mahali ambapo habari yao na redio inaeleweka vizuri zaidi ni Singapore, kisiwa kidogo cha Asia ya Kusini-Mashariki. Robo tatu hivi ya wakazi wake ni watu wenye asili ya Kichina. Wazee wao walitoka kusini mwa China, katika majimbo kama Fujian na Guangdong. Wala hawakutoka na lugha moja. Wengine walisema Kihokkien, wengine Kiteochew, wengine Kikanton, wengine Kihakka, wengine Kihainan. Sisi husema "Kichina" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini Mkanton na Mhokkien wakisema kila mmoja lugha yake hawaelewani.

Mwaka 1949 ilianza huko redio iliyoitwa Rediffusion. Haikupita hewani, ilipita kwenye waya mpaka ndani ya nyumba, na mwenye kisanduku alilipa ada kila mwezi. Wasiokuwa nacho walikwenda kwenye migahawa ya kahawa. Humo redioni walikuwamo wasimulizi wa hadithi, kila mmoja kwa lugha yake. Aliyevuma sana kwa Kikanton ni bwana aliyejulikana kwa jina la Lee Dai Sor, maana yake Lee Mjinga Mkubwa. Jina ni la utani, mwenyewe hakuwa mjinga hata kidogo. Kuli wa bandarini, mpishi, mama wa nyumbani na mwenye duka, wote walimsikiliza. Hawa walikuwa watu waliohama na nguo walizovaa, na wengi hawakujua kusoma. Redio ndiyo iliyokuwa kitabu chao, na msimulizi ndiye aliyewakumbusha wametoka wapi.

Kisha serikali ya Singapore, nchi iliyopata uhuru wake mwaka 1965, ikaona lugha nyingi ni mzigo. Watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza na Kimandarini shuleni, na nyumbani wanasema lugha ya tatu. Mwezi Septemba mwaka 1979 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alizindua kampeni ya kuwataka Wachina wote waseme Kimandarini. Vipindi vya lugha nyingine za Kichina vikaanza kuondolewa katika televisheni na redio. Kufika mwisho wa mwaka 1982 wasimulizi wale wa Rediffusion walikuwa wamenyamaza.

Lazima tuwe wa haki. Serikali ile haikuwa na nia mbaya. Ilitaka watu wake waelewane na wapate kazi, na ilifanikiwa. Lakini tazameni gharama yake. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa wanaotumia zile lugha za wazee kama lugha kuu ya nyumbani ni chini ya watu 10 katika kila 100. Bibi na mjukuu wakaa meza moja, wanakula wali mmoja, na maneno ya kuzungumza yamewaishia. Mwaka 2016 serikali ile ile ililazimika kurudisha mchezo wa televisheni kwa Kihokkien, ili wazee waelezwe mambo ya matibabu na huduma zao kwa lugha wanayoielewa. Lugha iliyotolewa kwa mlango wa mbele ikabidi iitwe tena, ije kuwahudumia wagonjwa.

Sasa turudi kwetu. Hapana budi niseme wazi, asije mtu akanielewa vibaya. Mimi ni mtoto wa Kiswahili. Mkate wangu ni Kiswahili. Redio yetu ilipoanza hapa mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, ilikuwa ndogo, ya mji tu. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wengi wetu tuliizoea tukiwa watoto. Kupitia redio hiyo mtu wa Ngara na mtu wa Newala walisikia taarifa moja, kwa lugha moja, saa moja. Mama na Mwana iliwakusanya watoto wa nchi nzima bila kuwauliza kabila lao. Hiyo ni neema kubwa ambayo majirani zetu wanatuonea wivu, na siko tayari kuibadilisha kwa kitu chochote.

Wageni nao walilijua hilo. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwezi Septemba mwaka 1961, hata kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake. China haikutufundisha kwanza Kichina ndipo izungumze nasi. Ilijifunza lugha yetu. Na mwaka 2006 redio hiyo, ikiitwa sasa Redio China Kimataifa, ilifungua kituo chake cha FM jijini Nairobi. Anayetaka kufika moyoni mwa mtu huifuata lugha yake.

Sisi wenyewe tulilijua hilo pia. Katika miaka ya 1960 na 1970 Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo walipewa nafasi katika idhaa ya nje ya RTD. SWAPO walianza kutangaza kutoka hapa mwaka 1966. Watu wale walikuwa wakimbizi, mbali na makwao, na tuliwapa maikrofoni wawasemeshe ndugu zao kwa lugha za kwao. Hatukuwaambia wajifunze kwanza Kiswahili. Tulielewa kwamba mtu aliye porini na bunduki, au mama aliyeachwa kijijini, akisikia lugha yake ikitoka redioni anajua kwamba bado yumo duniani na hajasahauliwa.

Basi hapo ndipo swali la bibi wa Madale linaponichoma. Mawimbi yaliyotoka Dar es Salaam yalibeba lugha za Namibia na Afrika Kusini. Kizaramo, lugha ya wenyeji wa pwani ambayo mji huu umejengwa juu yake, yalikibeba mara ngapi? Nyimbo za ngoma, ndiyo. Mafundi wa RTD walizunguka nchi na mitambo yao wakarekodi ngoma za makabila mengi, na kanda hizo ni hazina ya taifa. Lakini ngoma ni ya kuchezwa. Mazungumzo, hadithi, mafumbo, ushauri wa wazee, jinsi bibi anavyomfunda mwali, hayo hayakupata nafasi.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa, "Mtangazaji, unataka kuturudishia ukabila." Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Tumeona kwa majirani. Kenya ilifungua mlango mwaka 2000, ilipoanza Kameme FM kwa Kikikuyu, na baada yake zikaja nyingi kwa Kijaluo, Kikalenjin, Kikamba na nyinginezo. Vituo hivyo vimewafikia wakulima na wazee ambao hakuna aliyekuwa akiwasemesha. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na baadhi ya vituo vya lugha za makabila vililaumiwa kwa kuchochea. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang wa Kass FM, alifikishwa mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na kesi yake ilisitishwa mwaka 2016 bila ya kutiwa hatiani. Hatuwezi kujifanya hatukuona.

Lakini tazameni na upande wa pili. Redio mbaya kuliko zote zilizopata kusikika katika eneo letu ni RTLM ya Rwanda, iliyoanza mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Ilitumia hasa lugha gani? Kinyarwanda, lugha ambayo Mhutu, Mtutsi na Mtwa wote huisema tangu utotoni. Kuwa na lugha moja hakukuwaokoa. Kilichoua ni maneno yaliyosemwa, na watu waliokaa nyuma ya maikrofoni bila ya mtu wa kuwazuia. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, kwetu hapa, iliwatia hatiani waasisi wake wawili. Kwa hiyo tukitaka kujilinda na chuki, tuweke ulinzi kwenye chuki. Sheria ya kumwadhibu mchochezi iwe kali kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha yoyote.

Wala siombi kituo cha Wazaramo, kituo cha Wachaga na kituo cha Wasukuma. Nchi yenye lugha zaidi ya 100 haiwezi, na haifai, kukatwa vipande hivyo. Taratibu zetu za leseni zimejengwa juu ya Kiswahili na Kiingereza, na msingi huo ubaki. Ninachoomba ni kidogo zaidi, nami nitakisema baada ya kukiri kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwa bibi huyu huyu na kinasa sauti. Nilikuwa natengeneza kipindi juu ya malezi ya zamani. Nikamwomba anisimulie mwali alivyokuwa akiwekwa ndani na kutolewa chini ya mkole. Akaanza kwa Kiswahili, kisha akachangamka, macho yakang'aa, akaingia Kizaramo bila ya kujijua. Akawa anaimba na kupiga mapaja. Mimi, kwa utaalamu wangu wa diploma, nikainua mkono: "Bibi, tafadhali, sema kwa Kiswahili." Akanyamaza. Akarudi kwenye Kiswahili, lakini sasa akatoa maneno machache, makavu, kama mtu anayejibu polisi. Nilipata dakika tatu za kutangaza. Zile dakika alizochangamka nilizifuta ili kanda itumike kwa kazi nyingine. Hakuna aliyeniamuru nifanye hivyo. Hapakuwa na sheria iliyonikataza kuhifadhi kanda. Niliifuta kwa sababu niliona kile si kipindi.

Wasikilizaji, hivyo ndivyo lugha nyingi zinavyokufa. Hazipigwi marufuku. Mwenye nayo anaambiwa kwa upole kwamba hapa si mahali pake. Anaambiwa shuleni, ofisini, hospitalini na redioni, mpaka siku moja naye anawaambia wajukuu wake hivyo hivyo. Wajukuu wa bibi yangu wanasema Kiswahili safi cha Dar es Salaam, na wanajua Kiingereza cha kwenye simu. Kizaramo cha bibi yao wanakijua kwa salamu mbili na tusi moja. Mji umemhamia bibi mpaka sebuleni, akawa mgeni bila ya kusafiri.

Sasa ombi langu. Tunazo redio za mikoa na za wilaya, pamoja na redio za jamii. Kila moja itenge nusu saa kwa juma. Mzee mmoja wa mahali hapo asimulie kwa lugha yake kwa dakika 10 bila ya kukatizwa. Kisha kijana wa hapo hapo aifasiri hadithi kwa Kiswahili, ili Mhaya aliyehamia Madale na Mmakonde aliyehamia Handeni nao waijue na waifurahie. Hapo lugha ya bibi inakuwa zawadi kwa jirani badala ya kuwa ukuta, na Kiswahili kinafanya kazi yake ile ile ya kuwaunganisha. Msimamizi wa kituo atajua kilichosemwa, maana kimefasiriwa mbele ya watu wote. Mwenye chuki hatapata pa kujificha.

Pili, kila kanda ihifadhiwe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwisha fanya kazi kubwa katika Mradi wa Lugha za Tanzania, uliotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Hao wanajua lugha gani iko wapi. Redio zina sauti, wao wana elimu. Wakikaa pamoja, kanda hazitafutwa tena na mtu mwenye haraka kama mimi.

Tatu ni yako wewe msikilizaji, na haihitaji leseni. Simu iliyo mfukoni mwako inanasa sauti. Jumapili hii ukienda kumwona mama, bibi au babu, mwombe akusimulie jambo moja kwa lugha aliyolelewa nayo. Usimkatize.

Kila tarehe 7 Julai dunia husherehekea Siku ya Kiswahili, baada ya UNESCO kuitangaza mwaka 2021. Tunastahili kujivuna. Lakini tukumbuke Kiswahili chetu kilikua kwa kunywa kwenye visima vya lugha ndugu zake za Kibantu, Kizaramo kikiwa jirani wa karibu kabisa. Mtu akiukausha mto wa jirani, kisima chake nacho kitapungua maji.

Namalizia kwa habari ya juzi. Nilirudi kwa bibi na kinasa sauti. Safari hii niliketi chini, nikakiweka juu ya mkeka, nikafunga mdomo. Alisimulia muda mrefu, hadithi ya sungura, kisha mambo ya mumewe marehemu, kisha sijui nini, maana Kizaramo changu ni kidogo. Alipokuwa akisimulia, yule Mchina alizima simu yake, akageuza ndoo, akasikiliza. Haelewi hata neno, lakini bibi alipocheka naye alicheka. Kitukuu chake bibi, mtoto wa miaka saba hivi, akaja akamlalia mapajani. Hadithi ilipokwisha mtoto akauliza, "Bibi, umesema nini?"

Bibi akamwambia, "Kaa hapo nikufundishe."

Ndugu wasikilizaji, kwa juma hili ni hayo. Tukijaliwa, tutaonana juma lijalo. Kwaherini.